Ekskaveta ya minyororo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usalama saiti

Majibu haya ni kwa maopereta, wasimamizi wa saiti na vibarua wanaofanya kazi karibu na mashine. Kila ekskaveta ina kitabu chake cha maelekezo. Namba za kitabu hicho zikitofautiana na za hapa, fuata kitabu. Na kama sheria ya mahali ulipo ni kali zaidi, fuata sheria.

Watu wengi huumizwa na nini hasa?

Ukimuuliza mgeni wa kazi hii atakutajia kupinduka au kutumbukia mtaroni. Hayo hutokea. Lakini ajali zinazoua mara kwa mara zina sura ileile: mtu alikuwa karibu na mashine, na opereta hakujua kwamba yupo. Amegongwa mashine ikitembea, hasa ikirudi nyuma. Au amepigwa na mkono wa mashine au baketi wakati sehemu ya juu inazunguka. Au kifaa kimemdondokea kwa sababu hakikufungwa vizuri.

Iko nyingine inayotokea kimyakimya, na hiyo ndiyo inayonitia uchungu zaidi: kubanwa na uzito wa nyuma. Opereta anatazama baketi mbele yake, kazi inakwenda vizuri, huku nyuma tani kadhaa za chuma zinafagia nusu duara. Kama kuna ukuta, rundo la mabomba au lori lililoegeshwa karibu, kibarua anayepita katikati hana pa kukimbilia. Mwongozo wa usalama wa Uingereza unataka ibaki nafasi ya angalau mita 0.5 kati ya sehemu yoyote ya mashine na kizuizi kilicho karibu. Nafasi isipofika hapo, njia ile izibwe kabisa mtu asipite. Kwa maoni yangu hiyo nusu mita ni ya chini sana. Pale panapowezekana, zungushia eneo lote la mzunguko uzio au utepe, pamoja na upande wa nyuma ambao wengi huusahau.

Mtu akinikaribia wakati nachimba, nifanye nini?

Simamisha kazi. Shusha baketi hadi iguse ardhi, weka leva ya usalama katika hali ya kufunga, ondoa mikono kwenye vijiti vya kuendeshea na umwonyeshe kwamba mikono yako iko huru. Hapo ndipo asogee.

Kuacha injini inaunguruma huku umeshikilia vijiti na kumpungia mtu aje ni hatari kubwa. Mkono wa koti ukinasa kijiti, au mguu ukiteleza juu ya pedali, mashine itatii bila kuuliza. Leva ya usalama, ambayo kwenye mashine nyingi iko upande wa kushoto karibu na mlango, hukata mawasiliano kati ya vijiti na haidroliki. Imewekwa kwa ajili ya dakika kama hiyo. Itumie hata kama unaongea na mtu kwa sekunde chache, na kila unaponyanyuka kitini.

Kwa upande wa anayetembea kwa miguu: usisogee mpaka macho yenu yakutane na uone baketi imelala chini. Honi au mluzi peke yake si ruhusa.

Mashine ina vioo na kamera. Bado nahitaji mtoa ishara?

Ndiyo, kila mara unaporudi nyuma au kuzunguka mahali penye watu, na kila mara usipoona unakoelekea. Bumu (mhimili mkubwa unaoanzia kwenye mashine) na mkono unaoshika baketi vikiwa mbele yako huficha karibu upande wote wa kulia. Kamera huchafuka kwa vumbi na tope, na kioo kikigongwa na tawi asubuhi kinaweza kubaki kimepinda mpaka jioni bila mtu kukigusa. Visafishe na uvirekebishe kabla ya kuanza, lakini usivigeuze kuwa mbadala wa jicho la mtu.

Mtoa ishara awe mmoja tu, avae koti la kuakisi mwanga la rangi tofauti na wengine ikiwezekana, na asimame mahali unapomwona muda wote. Kubalianeni ishara kabla ya injini kuwashwa. Akipotea machoni pako, simama, wala usikisie amekwenda wapi. Ishara ya kusimama, hata ikitolewa na kibarua wa siku ya kwanza, inatiiwa papo hapo. Sababu mtaiuliza baadaye.

Ukaguzi wa asubuhi uangalie nini?

Zunguka mashine yote kwa miguu kabla ya kupanda. Tazama chini yake kwanza: doa la mafuta lililotokea usiku litakuonyesha mahali pa kuanzia. Kagua hozi za haidroliki kama zimechunika au zimevimba, silinda kama zina mikwaruzo kwenye chuma king'aacho, pini na vifungio vyake, meno ya baketi, na nyufa kwenye maungio ya bumu. Kwenye minyororo tazama boliti zilizolegea, pedi zilizovunjika, mawe yaliyonasa na ulegevu wake. Kisha oili ya injini, maji ya rejeta, mafuta ya haidroliki na dizeli.

Ukishaketi, funga mkanda, jaribu honi, taa, waipa na king'ora cha kurudi nyuma. Chezesha kila kitu polepole mahali pa wazi kabla ya kuisogelea kazi. Jaribu pia leva ya usalama: ifunge, kisha sogeza kijiti kidogo. Kama kitu chochote kinaitikia, mashine hiyo haifanyi kazi leo.

Andika ulichokiona. Daftari lenye alama za vema kila siku bila hitilafu hata moja kwa mwezi mzima huwa halijajazwa kwa kutazama mashine.

Nimehamishiwa mashine nyingine. Vijiti si vilevile?

Huenda si vilevile, na hili limewapata hata maopereta wazoefu. Kuna mipangilio miwili inayojulikana zaidi, ISO (wa shirika la kimataifa la viwango) na SAE (wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani). Katika ISO, kijiti cha kushoto huzungusha mashine kushoto na kulia, na ukikisukuma mbele au kukivuta nyuma unatoa au kuvuta mkono. Cha kulia hushusha na kupandisha bumu kwa mbele na nyuma, na hukunja au kufungua baketi kwa kushoto na kulia. Katika SAE, bumu na mkono vimebadilishana vijiti. Kwa hiyo aliyezoea ISO akikaa kwenye mashine ya SAE na kutaka kupandisha bumu, atavuta mkono kuelekea kabini.

Mashine nyingi zina vali ya kubadilisha mpangilio, kwa hiyo hata mashine yako ya jana inaweza kuwa imebadilishwa na opereta wa zamu ya usiku. Soma kibandiko kilicho ndani ya kabini, halafu thibitisha kwa mwendo mdogo. Ukibadilisha mpangilio, badilisha na kibandiko.

Mbona nikibonyeza pedali niende mbele, mashine inarudi nyuma?

Kwa sababu umeizungusha kabini na kuitazamisha nyuma. Minyororo na fremu ya chini haikuzunguka pamoja nawe, kwa hiyo mbele ya kabini sasa ni nyuma ya mashine. Njia ya uhakika ni kutafuta sproketi, yale magurudumu yenye meno yanayovuta minyororo. Yakiwa nyuma yako, mwendo ni wa kawaida. Yakiwa mbele yako, kila kitu kimegeuka. Tazama kila mara kabla ya kusogea, na upige honi.

Kuna namna sahihi ya kupanda na kushuka kabini?

Tazama mashine, usiipe mgongo. Pointi tatu ziguse muda wote: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Usishike vijiti kama vishikio, na usiruke chini. Futa tope kwenye ngazi na soli za buti. Kama una chombo cha chai au zana, mpe mtu akushikie au vipandishe kwa kamba.

Niiweke vipi mashine ninapochimba karibu na ukingo?

Minyororo ielekee ukingoni kwa pembe mraba, isilale sambamba nao, na sproketi ziwe nyuma. Ukingo ukianza kuondoka, unarudi nyuma moja kwa moja bila kupinda. Ukiwa umeegesha sambamba, mnyororo mmoja unakaa wote juu ya udongo dhaifu, na huna pa kutorokea ila kwa kugeuka, jambo ambalo huusukuma ukingo zaidi. Sproketi zikiwa nyuma, mota za mwendo nazo zinakaa mbali na mawe yanayodondoka.

Usichimbe chini ya mashine. Inashawishi, hasa unapomalizia kona na hutaki kusogeza mashine kwa ajili ya baketi mbili tatu. Lakini ukishalikata tumbo la ukingo uliosimama juu yake, umejiandalia anguko lako mwenyewe.

Umbali gani kutoka ukingoni? Hakuna namba moja, kwa sababu mfinyanzi mkavu, mchanga na udongo wa kujazia havishiki sawa. Udongo uliowahi kuchimbwa na kufukiwa ndio wa kutiliwa shaka zaidi, na baada ya mvua hesabu zote za jana zimekwisha. Tafuta nyufa zinazokwenda sambamba na mtaro, vipande vidogo vinavyodondoka vyenyewe, au maji yanayochuruzika ukutani. Ukiona mojawapo, rudi nyuma kwanza, ndipo ujadiliane na msimamizi.

Udongo unaoutoa nao una uzito wake. Kanuni za Marekani zinataka ukae angalau mita 0.6 kutoka ukingoni. Ukiweza, uweke mbali zaidi.

Mtaro ni mfupi tu, watu wanaweza kuingia wakati nachimba?

Si wakati baketi inafanya kazi mtaroni au juu yake. Na hata ukisimama, lazima kuta ziwe salama kwanza. Mita moja ya ujazo ya udongo inaweza kuzidi tani 1.5. Mtu akifukiwa hadi kifuani, udongo hukibana kifua asiweze kupumua, hata kama kichwa kiko nje.

Marekani, mtaro wa kina cha mita 1.5 au zaidi lazima ukingwe kwa mihimili, kwa boksi la chuma au kwa kulaza kuta, isipokuwa umechimbwa katika mwamba imara. Kuanzia kina cha mita 1.2, ngazi iwe ndani ya mita 7.5 kutoka kwa kila mfanyakazi. Namba hizo zisimpe mtu moyo wa kuudharau mtaro wa mita 1.2, kwa maana anayeunganisha bomba huinama, na akiinama kichwa chake kiko chini ya ukingo.

Mtaro ukiporomoka na mtu yuko ndani, usimchimbue kwa baketi. Najua ni vigumu kukaa na mashine yenye nguvu zote hizo huku mwenzako amefunikwa. Lakini baketi haiwezi kumwona, na uzito na mtetemo wa mashine unaweza kuleta poromoko la pili. Zima injini, ita waokoaji, hesabuni watu mjue ni wangapi hawapo na walikuwa wamesimama wapi. Kisha waliofundishwa wachimbe kwa mikono na koleo baada ya kuta kukingwa.

Nitajuaje kama kuna nyaya au mabomba chini?

Omba ramani za umeme, maji, gesi na mawasiliano kabla ya kazi kuanza, lakini usiziamini kwa sentimita. Mabomba yamehamishwa na vifuniko vimefukiwa bila mtu kurekebisha mchoro. Pitisha kifaa cha kutambua nyaya, weka alama ardhini kwa rangi, halafu chimbeni mashimo ya majaribio kwa mkono mpaka muione nyaya au bomba lenyewe. Karibu nalo, koleo liendelee na kazi, si meno ya baketi.

Ukiwa unachimba, soma udongo. Mchanga laini uliotokea ghafla katikati ya mfinyanzi, tofali zilizopangwa, au utepe wa plastiki wenye rangi ni dalili kwamba kuna mtu aliwahi kulaza kitu hapo. Ukisikia harufu ya gesi, acha kila kitu, zima injini, ondoa watu kuelekea upepo unakotoka, na injini yoyote isiwashwe mpaka wahusika wa gesi waseme.

Na nyaya za juu?

Bumu huinuka juu sana kuliko opereta anavyoihisi akiwa amekaa chini yake. Kazi bora ni ile ambayo umeme umekatwa na mwenye laini akathibitisha kwa maandishi. Isipowezekana, kuna umbali wa kutovukwa. Kanuni za Marekani kwa laini za hadi kilovolti 50 ni mita 3 kati ya waya na sehemu yoyote ya mashine au mzigo, na unaongezeka kadiri volti zinavyopanda. Mwenye laini ndiye anayejua volti, kwa hiyo muulize yeye. Umeme haungoji mguso: unaweza kuruka hewani. Tena nyaya hulegea kwa joto na kuyumba kwa upepo, kwa hiyo urefu ulioukadiria asubuhi hauaminiki mchana.

Teua mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kutazama waya. Mkishindwa kumpata, kazi haianzi.

Ukigusa waya, baki kabini. Usishuke, na mkataze kila mtu kusogea, maana ardhi inayokuzunguka nayo inaweza kuwa na umeme. Jaribu kuitoa bumu kwenye waya kama inawezekana bila kuuvuta. Piga simu umeme ukatwe, na usishawishike kwa sababu cheche zimekoma: laini nyingi hujirudisha zenyewe baada ya muda mfupi. Kushuka ni kwa sababu moja tu, moto au hatari nyingine inayokulazimisha. Hapo ruka mbali, miguu ikiwa pamoja, usiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja hata kidogo. Ondoka kwa hatua ndogondogo za kuburuta miguu iliyogusana, au kwa kurukaruka miguu pamoja, mpaka uwe angalau mita 10 kutoka hapo. Hatua ndefu ya kawaida huweka miguu miwili kwenye ardhi yenye volti tofauti, na umeme hupita mwilini kutoka mguu hadi mguu.

Katalogi inasema mashine inapanda digrii 35. Kwa nini msimamizi ananikataza mlima wa digrii 20?

Kwa sababu digrii 35 zinaeleza nguvu ya kuvuta. Hazikuahidi kwamba mashine haitateleza au kupinduka na mzigo, kwenye majani mabichi au mawe yanayobingirika.

Panda na ushuke ukiwa umenyooka, kwa mwendo wa chini. Usikate mteremko ubavu na usigeuke katikati yake. Baketi iwe sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, ili mashine ikianza kuteleza uikite chini kama breki. Injini ikizimika, shusha baketi, rudisha vijiti katikati, ndipo uiwashe tena. Usizungushe sehemu ya juu na baketi iliyojaa kuelekea bondeni. Kama lazima uchimbe hapo, jitengenezee kwanza jukwaa la udongo lililo sawa. Kumbuka pia kwamba mashine huhimili mzigo zaidi ukiwa mbele au nyuma ya minyororo kuliko ukiwa ubavuni.

Mashine ikianza kupinduka, niruke?

Hapana. Funga mkanda tangu mwanzo, shikilia, jiegemeze kitini na ubaki ndani. Anayeruka mara nyingi huangukia upande uleule mashine inakoangukia. Kabini zilizojengwa kwa kiwango cha ISO 12117-2, cha mwaka 2008 kwa ekskaveta za zaidi ya tani 6, zimekusudiwa kumlinda opereta mashine ikipinduka, lakini ulinzi huo unamfaa aliyefungwa mkanda. Mashine za zamani huenda hazina kabini ya namna hiyo. Tafuta kibati chake, na kama hakipo, iondoe mashine hiyo kwenye kazi za miteremko.

Naweza kunyanyulia mabomba kwa ekskaveta?

Unaweza, kama mtengenezaji ameruhusu na mashine ina sehemu maalumu ya kufungia. Usifunge cheni ya kunyanyulia kwenye meno ya baketi wala kuizungusha kwenye mkono. Meno huiachia, na kingo zake huikata.

Soma jedwali la uwezo wa kunyanyua lililo kabini. Kwa mujibu wa kiwango cha ISO 10567, namba hizo hazizidi asilimia 75 ya mzigo unaoweza kuipindua mashine, wala asilimia 87 ya nguvu ya haidroliki. Zenye alama ya nyota zimewekewa mpaka na haidroliki. Lakini zote zimepimwa kwenye ardhi ngumu iliyo sawa. Kwenye udongo laini au mteremko mdogo tu, zipunguze sana. Kama jedwali halihesabu baketi na kifungio cha haraka (kile kinachoishikisha baketi kwenye mkono), toa uzito wake. Baketi kubwa peke yake inaweza kukaribia tani 1.

Kosa linalorudiwa ni kupima mzigo ukiwa karibu, halafu kuunyoosha mkono ili kuufikisha mtaroni. Bomba lililonyanyuka vizuri mita 4 kutoka katikati ya mashine linaweza kuipindua likifika mita 7. Soma jedwali kwa umbali wa mbali zaidi utakaoufikia, na kwa upande dhaifu zaidi utakaoupitia, yaani ubavuni.

Kwa nchi za Ulaya, kiwango cha EN 474-5 kinataka mashine ya kunyanyulia mizigo ya zaidi ya kilo 1,000 iwe na vali za kuzuia bumu isianguke hozi ikipasuka, pamoja na king'ora cha mzigo kupita kiasi. Hata mahali ambapo sheria haidai hivyo, ningeviulizia kabla ya kukubali kazi hiyo. Mzigo utembezwe ukiwa chini, uongozwe kwa kamba, na mtu yeyote asiwe chini yake wala kati yake na ukuta.

Kifungio cha haraka cha baketi kimeniambia kimefunga. Inatosha?

Haitoshi. Watu wamekufa kwa baketi zilizoachia kwa sababu pini ya usalama haikuingizwa, au ilionekana imeingia kumbe haijaingia. Kama kifungio chako kina pini ya kuingizwa kwa mkono, zima mashine, shuka, iingize, uione kwa macho. Kisha, hapana mtu karibu, inua baketi kidogo, ikunje na uifungue mara kadhaa, uibonyeze ardhini na uitikise. Baketi ikiwa na mchezo usio wa kawaida, ilaze na uanze upya. Fanya hivyo kila unapobadilisha kifaa, hata mara kumi kwa siku.

Upakiaji wa malori ufanyikeje?

Baketi isipite juu ya kabini ya lori. Dereva abaki ndani mlango ukiwa umefungwa, kama kabini yake ina kinga, au asimame mbali unapomwona. Asikae pembeni ya bodi akifunga turubai huku bado unapakia. Panga lori lije mahali ambapo utazunguka kwa pembe ndogo, ukiwa umekaa juu kidogo kuliko lenyewe. Kuzunguka kidogo kunapunguza muda na kunapunguza eneo linalofagiwa na uzito wa nyuma. Mawe makubwa yawekwe, yasitupwe.

Naweza kumpandisha mtu kwa baketi, mara moja tu?

Hapana.

Kuna tahadhari gani kwenye tope na maji?

Pima kina kwa baketi kabla ya kuingia, na maji yasipite katikati ya rola za juu za minyororo, isipokuwa kitabu kikiruhusu zaidi. Kwenye tope, minyororo mipana na mikeka ya mbao hutawanya uzito. Mashine ikizama usiigeuze pale ilipo. Tumia baketi kuinua upande mmoja, tandika mbao chini, kisha upande wa pili. Ukivutwa na mashine nyingine, kamba ya chuma ifungwe kwenye fremu, na watu wakae mbali: kamba ikikatika hukata chochote kilicho njiani.

Hozi inavuja kidogo. Naweza kuishika nione inatokea wapi?

Usithubutu. Haidroliki ya ekskaveta hufikia bari 350 hivi, wakati tairi la gari dogo lina bari 2 na kitu. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kiasi cha kutoonekana hupenya ngozi na glovu. Jeraha linaweza kuonekana kama mchomo wa sindano na lisiume sana mwanzoni, na hapo ndipo watu huliacha mpaka kesho. Ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali saa hiyohiyo na umweleze daktari kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo.

Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi au ubao, ukiwa na miwani. Kabla ya kufungua kiungo chochote, laza baketi ardhini, zima injini, weka swichi katika hali ya kuwaka bila kuiwasha injini, fungua leva ya usalama na uchezeshe vijiti pande zote ili shinikizo lililobaki litoke. Halafu ondoa ufunguo, ukae nao mfukoni, na utundike kibao kwamba mashine inatengenezwa. Bumu isibaki hewani kwa kutegemea mafuta. Iegemeze ardhini au kwenye nguzo imara.

Minyororo imekaza kupita kiasi. Nailegezaje?

Silinda inayokaza minyororo imejaa grisi yenye shinikizo kubwa. Legeza vali yake polepole, si zaidi ya mzunguko mmoja, ukisimama pembeni, uso na mwili vikiwa mbali na mdomo wa vali. Ukiifungua yote, vali inaweza kuruka kama risasi. Grisi isipotoka, usichokonoe. Sogeza mashine mbele na nyuma kidogo, na ikikataa mwite fundi.

Jioni niiache vipi?

Mahali pa sawa, mbali na ukingo wa mtaro na njia ya maji ya mvua. Baketi ardhini, leva ya usalama imefungwa. Iache injini iungurume bila kazi dakika 3 hadi 5 ili tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa) ipoe, kisha zima, toa ufunguo, funga mlango. Tope kwenye minyororo litolewe siku hiyohiyo.

Kuipandisha kwenye lobedi, trela la chini la kubebea mashine, kuna ugumu gani?

Ni kati ya kazi ambazo mashine hupinduka kwa mwendo wa konokono. Lobedi isimame kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, breki zimefungwa na magurudumu yamezuiwa. Mteremko wa ngazi zake usizidi digrii 15. Safisha tope na mafuta: chuma juu ya chuma kilicholowa huteleza, kwa hiyo tandika mbao. Jipange ukiwa bado chini, kwa sababu ukishaanza kupanda hurekebishi mwelekeo. Ukienda upande, rudi chini, ujipange upya. Hatari zaidi ni pale mashine inapovuka kilele cha ngazi na kuinama ghafla mbele: punguza mwendo kabisa na usogeze baketi chini ili ipokee uzito taratibu. Mtoa ishara asimame mbele kwa ubavu, mbali na upande ambao mashine inaweza kuangukia. Ikishakaa, shusha baketi juu ya ubao, funga leva ya usalama na kifungio cha kuzunguka, ifunge kwa cheni pande zote nne, na upime urefu kutoka barabarani hadi sehemu ya juu kabisa ya bumu. Mwandikie dereva namba hiyo aibandike mbele yake kabla hajaondoka, kwa ajili ya madaraja na nyaya za njiani.